Bakuli Lisilorudi Mezani

Vijiti viwili vya kulia vilisimama wima katikati ya bakuli la wali kama askari wa gwaride, na Wilbard akajipongeza kimoyomoyo. Asubuhi alimwona Madam Lin, mwenye mgahawa huu wa Garhoud, huku ughaibuni karibu na uwanja wa ndege, akivichomeka vivyo hivyo kwenye bakuli mbele ya picha ya marehemu mama yake. Pambo zuri, alidhani. Akampelekea mteja, mzee wa Kichina aliyekaa dirishani.

Mzee aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Kiti kikaanguka.

Madam Lin alimtuliza kwa chai, kisha akamvuta Wilbard jikoni. "Wali wa namna hiyo ni wa wafu! Leo kwetu ni siku ya kufagia makaburi. Umemwambia yule mzee amekwisha kufa."

"Samahani, madam. Nilimwona ana afya yake tu."

Hakucheka. Aligeukia simu yake iliyoegemezwa kwenye chupa ya sosi. Kwenye video, huko kwao China, kaka yake alikuwa ameinama kwenye kaburi la mama yao. Akamfokea kwa Kichina, kidole kikigonga kioo.

"Namwambia kushoto bado kuna magugu. Nisipomsimamia, analipua kazi."

Mfukoni mwa Wilbard simu ilitetemeka tena. Monicah, dada yake, yuko Rombo. Tangu mama yao azikwe migombani mwezi Januari, Wilbard akiwa huku, Monicah anataka kumwonyesha kaburi, naye kila mara anasingizia mtandao. Kesho Monicah anarudi kwa mumewe Tabora, nyumba itafungwa. Leo ikipita, imepita.

Wilbard alihamisha sufuria, akairudisha. Akafuta meza iliyokwisha futwa.

"Bakuli lile," Madam Lin alisema polepole, "halirudi kwa walio hai. Una mtu wa kumwekea?"

Wilbard alilichukua bakuli.

Alilibeba hadi mlango wa nyuma, akaliweka chini kando ya mitungi ya gesi. Ndege ilinguruma juu ya mapaa. Akasubiri ipite. Ikapita. Akampigia Monicah kwa video.

"Eh, kaka! Leo mtandao umepona?"

"Umepona. Geuza kamera."

Migomba ikayumba, ukaja udongo mwekundu, kisha msalaba wenye jina ambalo hakuwahi kulitamka. Kwake alikuwa mama tu.

"Kaka? Unanisikia?"

Wilbard alichuchumaa kando ya bakuli.

"Kushoto," alisema hatimaye. "Kushoto hapo, bado kuna magugu."

Monicah akailaza simu chini. Kwenye kioo likabaki anga kati ya majani ya migomba, na sauti ya mizizi ikiachia udongo.