Mtoto wa Kila Nyumba

Karani wa makaburi alikuwa mtu mwenye heshima zake, na kila alipomnyima mtu kitu alimnyima kwa sauti ya upole. Upole huo ulimkera Breki kuliko matusi.

Breki alikuwa mwalimu wa udereva, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake. Siku zake zote alizipitisha kwenye kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya mwalimu, na mwanamke aliyezoea kusimamisha mambo mwenyewe hawezi kufurahia benchi la ofisi. Asubuhi ile alikuja na baba yake, mzee aliyevaa koti lake la kuendea harusini, kwa shughuli ambayo yeye Breki aliamini ingekwisha kabla ya chai.

Makaburi ya zamani yalikuwa yanahamishwa kupisha barabara. Marehemu mwenye watu wake angepewa kiwanja kwenye makaburi mapya. Asiye na mwenyewe angezolewa pamoja na wenzake na kufukiwa katika shimo moja, na tingatinga la kazi hiyo lilikuwa limeshaegeshwa getini. Mle ndani alilala babu wa Baba, mtu aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Baba alikuwa ameapa kwamba maadamu yeye anapumua, mzee yule hatupwi shimoni.

"Namwona hapa," karani alisema, kidole kikiwa kwenye daftari la mazishi. "Jina, Yatima. Umri, themanini na ushei."

"Yatima wa miaka themanini?" Breki aliuliza.

"Uyatima hauna kustaafu, dada yangu. Sasa, tunahitaji vitu viwili. Kwanza mtu hai wa kuja kumdai, na huyu mzee wetu yupo. Pili nyumba. Marehemu awe ameandikwa kwenye sensa ya kale, chini ya nyumba fulani."

"Mimi ni mjukuu wake," Baba alisema. "Vyeti hivi hapa."

"Wajukuu hawakosekani, mzee wangu. Tulipotangaza kwamba kila kaburi litapewa kiwanja cha ukoo mzima bure, watu wakaanza kulilia marehemu wasiowajua. Kufa kufaana. Ndiyo maana tukaongeza nyumba."

"Lakini alikuwa yatima! Nyumba angeitoa wapi?"

"Basi poleni sana," karani alisema, kwa upole uleule.

Sensa ya kale ilihifadhiwa chini ya ardhi, kwenye chumba chenye feni iliyokatazwa kuwashwa kwa sababu ya karatasi, na taa iliyokatazwa kuzimwa kwa sababu ya panya. Mtunza nyaraka aliitwa Profesa na kila mtu, hata na mlinzi wa mlangoni. Baba alipomwambia kwamba babu yake alikulia mtaa wa washona viatu, Profesa alivua miwani kwa furaha.

"Mnajua mmekuja kwa nani? Mtaa ule ndio maisha yangu! Katika sensa ya kwanza, karibu kila nyumba ina mtoto wa kiume wa miaka kama sita. Sensa inayofuata, hamna hata mmoja. Wamefagiliwa wote! Ilikuwa tauni. Nimeandika kitabu kizima juu yake. Hata jina la tauni yenyewe ni langu."

"Babu yangu basi alipona," Baba alisema. "Alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, na masikio yamesimama kama vishikio vya sufuria."

Mwandiko wa sensa ile ulikuwa miguu ya kuku, na Profesa peke yake ndiye aliyeuweza. Zama zile karani wa sensa aliandika wenye nyumba kwa majina, lakini watoto aliwaandika kwa alama zao tu. Profesa akafungua ukurasa wa nyumba ya kwanza mtaani.

"Fundi wa soli, mkewe, na mtoto wa kiume. Kovu juu ya jicho la kushoto. Masikio makubwa. Ana maswali mengi."

Baba aliruka kama kijana. "Ndiye! Ndiye huyo!"

Breki alikuwa ameshasimama na mkoba begani. Ila Profesa, kwa mazoea yake ya kusoma, alikuwa amefunua ukurasa wa pili.

"Mjane mkata ngozi," alisoma. "Na mtoto wa kiume. Kovu juu ya jicho la kushoto. Masikio makubwa. Mapacha."

Nyumba ya tatu nayo ilikuwa na mvulana mwenye kovu na masikio.

"Kovu ni dalili ya kwanza ya tauni," Profesa alisema haraka. "Hilo sikuliandika. Nitaliongeza."

"Na masikio?" Breki aliuliza.

Profesa aliendelea kufunua, na sauti yake ikazidi kudhoofika. Kwenye nyumba moja karani wa sensa alikuwa ameandika pembeni: *Maswali ya mtoto huyu yananichosha.* Kwa mpiga rangi wa viatu aliandika: *Si ndiye yule wa nyumba zilizopita? Mama mwenye nyumba anaapa ni wake, kamzaa mwenyewe.*

Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Mzee yule! Hakuwa akiona mtu anafanya kazi bila kumfuata nyuma. Alimfuata karani mtaa mzima! Karani akiingia, naye yumo. Karani akiuliza, na huyu je, wanasema ni wetu. Sensa ya pili alikuwa ameshauhama mtaa."

"Kwa nini wote waseme ni wao?" Breki aliuliza. "Mtu si unasema tu, huyo ni yatima, hana kwao?"

Baba aliacha kucheka. "Labda alikuwa anakula kwao," alisema.

Profesa alikuwa ameshika tama. "Tauni yangu," alisema. "Hakufa hata mtu mmoja."

"Si habari njema hiyo, mwanangu? Watoto wote wale hawakufa."

"Kwako, mzee." Lakini nakala haziwi nyaraka mpaka zipigwe muhuri, na kazi ni kazi. Profesa akapiga moyo konde, akagonga muhuri ukurasa baada ya ukurasa, huku akigeuza uso pembeni.

Karani wa makaburi alilipokea furushi la nakala, akalisoma, kisha akaliweka mezani taratibu.

"Tuliomba nyumba, mzee wangu. Hatukuomba mtaa. Fomu ina mstari mmoja. Chagua nyumba moja tumalize."

"Chagua yoyote, Baba," Breki alinong'ona. "Ya kwanza. Twende zetu."

Baba hakumsikia, au alijifanya. "Hawa wenye nyumba," alimwuliza karani, "wamezikwa wapi?"

"Hapahapa." Karani alifungua daftari la mazishi. "Mtaa wao ulibomolewa zamani, wakatawanyika. Fundi wa soli na mkewe, shimoni. Mjane mkata ngozi, shimoni. Mpiga rangi na mama mwenye nyumba, shimoni."

"Hawana nyumba?"

"Nyumba wanazo, zimeandikwa vizuri kabisa. Hawana mtu hai wa kuwadai. Asiyekuwepo na lake halipo, mzee."

Baba alisimama, akafunga vifungo vya koti lake la harusi.

"Yupo," alisema. "Mtoto wao ni babu yangu. Ulitaka nithibitishe, nimethibitisha. Niandikie wote."

"Mzee, mtu hawezi kuwa mjukuu wa mtaa!"

"Soma muhuri."

Breki aligundua kwamba mguu wake ulikuwa ukikanyaga sakafu kwa nguvu, ukitafuta breki ambayo haikuwepo. Alimtazama baba yake, mzee mdogo aliyenyooka mbele ya meza kubwa. Alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia.

"Kaka," alimwambia karani, "lete fomu nyingine. Lete zote."

Masanduku madogo ya mifupa yalitolewa na ofisi, usafiri ukawa juu ya wenye maiti. Breki akawasafirisha marehemu kwa gari la shule ya udereva, lenye bango la MWANAFUNZI juu ya paa, safari baada ya safari. Madereva waliwapigia honi na kuwapita. Baba alikaa kiti cha nyuma na sanduku mapajani, akimwonyesha kila aliyekuwemo ndani yake jinsi mji ulivyobadilika.

Kwenye makaburi mapya aliwapanga kama walivyoandikwa, jirani kando ya jirani, upande huu na upande ule. Mchimba kaburi alifuata amri zake bila neno mpaka likabaki sanduku la mwisho, la babu.

"Na huyu je, wa nyumba gani?"

Baba alitembea mbele ya nyumba zote, akarudi, akatembea tena. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Mwishowe akasimama katikati, kwenye nafasi iliyoachwa wazi kati ya safu mbili.

"Mweke hapa."

"Mzee, hapo si mahali pa kaburi. Hapo ni njia."

"Najua," Baba alisema.