Visigino vya Bi Kwaheri

"Si mimi! Nimeambiwa kesho natoka, muulizeni daktari!"

Mpaka rangi aliyeanguka ngazini alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji, miguu yote miwili ameikalia asije akaibiwa. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo, mnene, mwenye aproni ya kijani, taulo begani na chupa ya mafuta mkononi.

"Najua unatoka," alisema yule mwanamke kwa upole. "Nataka kukukanda kidogo tu, upumzike."

"Nimeshapumzika, mama. Nimepumzika mpaka nimechoka. Nenda kwa wenye shida."

Wodi nzima ya wanaume ikaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni mgonjwa wa kitanda cha dirishani, fundi viatu, ndugu wa tumbo moja na huyo mwanamke. Maradhi ya ini yalikuwa yamemla mwili yakambakishia macho na meno, na hayo meno yote alikuwa ameyatoa nje. Dada yake alifunga chupa, aibu imempanda hadi masikioni.

Kazi yake iliitwa mhudumu wa faraja. Hospitali ilimwajiri awakande wagonjwa mikono na miguu, awafundishe kuvuta pumzi polepole, akae nao, na aombe nao wakitaka kuomba. Aliyetaka dua alimwitikia amina. Aliyetaka wimbo wa kanisani alimwimbia kwa sauti ya chini. Asiyetaka habari za Mungu alimnyoosha vidole bila kumtajia Mungu. Mikono alijaliwa, watu waliokesha siku nyingi walikoroma chini ya viganja vyake. Ilikuwa kazi njema, tena ya heshima, ila waliompangia ndio walioiharibu. Daktari hakumwita mpaka mengine yote yashindwe. Kwanza sindano, kisha dripu, kisha kisu, ndipo yeye. Na mgonjwa si mjinga. Wagonjwa waliona kwamba kitanda akikaribia yeye, haupiti muda shuka lake linabadilishwa na mwenyewe hayupo. Wakambandika jina la Bi Kwaheri. Akiingia wodini, miguu ilivutwa ndani ya mashuka kitanda baada ya kitanda, kimyakimya, kama kobe walioona mtoto mtundu.

Alikwisha kulalamika. "Nipe na wanaopona, daktari. Nipe aliyevunjika mguu, nipe aliyejifungua. Hofu wanayo wote."

Daktari alikuwa mtu mwema aliyechoka. "Mama, una mikono miwili tu," alimjibu. "Tunaipeleka panapohitajika zaidi."

Akaimeza hasira yake. Hasira ya mfanyakazi wa chini haina pa kutemewa.

Aliyelipenda jina hilo kuliko watu wote ni mdogo wake. Mama yao alimwacha akiwa bado ananyonya, na dada, msichana asiyejua hata kujifunga kitambaa kichwani, ndiye aliyemlea. Alimwogesha, akampaka mafuta kila jioni kuanzia utosini. Akifika kwenye wayo, mtoto hakuvumilia. Alirusha teke na kucheka mpaka akapaliwa. Alipokuwa mtu mzima, kila dada yake alipopita kibandani kwake alimpigia kelele mbele ya wateja: "Ukoo wetu sisi kazi yetu miguu! Mimi naitengeneza itembee, dada yangu anaitengeneza isitembee tena!" Wateja walicheka, na dada naye alicheka, maana kicheko hicho ni yeye aliyekilea. Hata viatu vyake vya kazini vilishonwa na huyo huyo, vya soli laini ya mpira, asiwashtue wagonjwa.

Asubuhi hiyo daktari alikuwa amemshika kiwiko koridoni. "Yule wa dirishani," alisema, "sisi tumefika mwisho. Bado hajaambiwa. Nilidhani wewe…"

Alimkabidhi ndugu yake kama anavyomkabidhi kitanda chochote. Bi Kwaheri alimchukia daktari kwa hilo, na saa hiyo hiyo akatamani kitu kimoja tu duniani, kuishika miguu ile tena, japo mara moja. Lakini akifika na chupa, mdogo wake atajua yote kabla kifuniko hakijafunguliwa. Ndipo likamjia wazo la kipumbavu. Aanze na mpaka rangi, mtu mzima wa afya ila mkono, wodi ione kwamba siku hizi anakanda yeyote. Wodi ilikuwa imeona, na bado ilikuwa inacheka.

Akaenda dirishani. Mdogo wake akayarudisha meno ndani. Halafu, akijifanya anajinyoosha, akaivuta miguu yake ndani ya shuka.

Kati ya miguu yote iliyowahi kumkimbia, hiyo ndiyo iliyomuumiza.

"Dada, umekuja kama dada au umekuja kikazi?"

"Kama dada."

"Basi hiyo chupa iweke chini."

Aliiweka sakafuni, akaisukumia uvunguni kwa mguu.

"Daktari anasemaje?"

Kwa watu baki alijua la kusema. Aliwashika mkono, akawaambia bila kuwadanganya na bila kuwatisha, na wengi walimshukuru. Sasa ulimi ulikuwa mzito.

"Anasema unaendelea vizuri."

"Hee! Vizuri?" Akageukia dirisha. "Mungu ni mwema."

Hapo dada akaona alichokifanya. Mtu anayeendelea vizuri hakandwi na Bi Kwaheri. Kwa neno moja alikuwa amejifungia mlango mwenyewe, na ufunguo akaubakiza ndani. Akakaa kitini, mikono mapajani, haina kazi.

"Basi nikuombee hata dua."

"Mungu nitaongea naye mwenyewe, tuna kesi yetu." Akachungulia chini. "Soli zako zimekwisha hizo. Kesho uniletee nyundo ndogo na vile vyuma vya kisigino."

"Na wewe si mgonjwa?"

"Si naendelea vizuri?"

Kinyozi hajinyoi, na msema kweli wa wodi nzima alikuwa ameshindwa kwa ndugu yake.

Kesho yake akaleta nyundo na vyuma, akavua viatu, akakaa pekupeku kando ya kitanda. Mdogo wake aliviweka mapajani juu ya shuka. Kila muuguzi alipogeuza mgongo aligonga mara mbili tatu, kisha akalala kwanza, akihema, jasho limemtoka kwa msumari mmoja. Kiatu kimoja kilimchukua asubuhi nzima. Shuka lilikuwa limepanda, na dada aliiona miguu ya mdogo wake imevimba vifundoni, ngozi imekauka mpaka imepasuka. Aliikunja mikono yake mwenyewe, akaikalia.

"Baba, hii ni wodi au gereji?" muuguzi aliuliza.

"Sista, nafanya mazoezi ya viungo!"

Alipomaliza, alivigonga viatu kimoja kwa kingine, vikalia. Akaridhika.

"Watu wanakuogopa kwa kuwa unakuja kama paka," alisema. "Mtu hajakusikia, kumbe umeshamfikia. Sasa watakusikia tangu mlangoni. Asiyekutaka ajifiche, anayekutaka ajiandae." Akakusanya pumzi, na aliposema tena sauti ilikuwa chini na macho yalikuwa dirishani. "Na mimi nitakusikia. Kesho asubuhi nikisikia visigino hivyo, nitakuwa nimelala. Usingizi wa pono, hata nyumba ianguke. Fanya yako, mimi sijui kitu. Ila ukisema neno moja tu, naamka, nakufukuza."

Dada alielewa.

"Sitasema."

"Useme nini? Si naendelea vizuri."

Alitaka kuanza hapo hapo, lakini fundi alikuwa amefumba macho kwa uchovu wa kweli, na makubaliano ni makubaliano. Akavaa viatu vyake, akatoka akinyata kwa vidole, visije vikalia kabla ya saa yake.

Asubuhi alifika mapema, chupa mfukoni. Daktari akamkuta langoni mwa jengo. "Wodi ya wanawake, mama. Yule mwalimu mstaafu. Watoto wake wanakusubiri. Dakika chache tu."

Angeweza kukataa. Baadaye alijiambia hilo mara nyingi: ulimi ulikuwepo, na neno "hapana" halina uzito. Lakini miaka yote alikuwa hajakataa, naye akaenda. Bibi mwalimu alimshika mkono akaung'ang'ania, watoto wake wakilia, na kila alipojaribu kuuchomoa vidole vile vikavu vilikaza zaidi. Akamwimbia wimbo wote, beti zote, roho yake iko kwenye dirisha la wodi nyingine. Alipoachiwa, jua lilikuwa limepanda.

Koridoni alitembea upesi. Ko, ko, ko, visigino viliita mbele yake. Wodi ya wanaume ilimsikia tangu mbali, na alipoingia miguu ilikuwa imeshafichwa, vitanda vyote vinatazama ukuta. Kitanda cha mpaka rangi kilikuwa kitupu, ameshakwenda zake.

Dirishani, miguu miwili ilikuwa nje ya shuka. Ilikuwa imewekwa makusudi, shuka limekunjwa vizuri juu ya vifundo, na jua lilikuwa juu yake. Macho ya mdogo wake yalikuwa yamefumbwa.

Bi Kwaheri aliketi. Akamimina mafuta, akayapasha moto kati ya viganja, akaushika mguu wa kushoto kwa kisigino. Mikono yake ilijua mara moja. Miaka yote hiyo ilifunzwa kujua. Lakini alikuwa ameahidi, hakusema neno.

Alikanda kisigino, akakanda kifundo, akapitisha kidole gumba kwenye kila mpasuko mpaka ngozi ikalainika. Muuguzi alikuja, akamtazama mgonjwa usoni, akamtazama kifuani, akaweka vidole shingoni.

"Mama," alisema polepole.

"Amelala," alisema Bi Kwaheri. "Usimwamshe."

Muuguzi akavuta pazia nusu, akaondoka. Bi Kwaheri akaongeza mafuta, akahamia mguu wa kulia, akapita katikati ya vidole kimoja kimoja. Alipofika kwenye wayo aliupitishia ncha ya kidole, taratibu, pale pale pa siku zote, akangoja teke.