Sumu Isiyo na Alama

Usiku wa kuamkia leo niliota niko ofisini, na mto umepanda ngazi, ukaketi kwenye benchi la wageni.

Mimi ni mkemia wa maabara ya maji. Uwezo wetu ni kupima sumu kumi tu kwa mwaka, kwa hiyo mimi ndiye huzipa alama na kuchagua zipi zipimwe.

Ndotoni sumu zenyewe zimekuja kwenye usaili. Zebaki amevaa tai. Risasi, yule wa madini, kabeba faili zito, anahema. Nawapa alama, nawapangia viti, na viti vinajaa.

Wa mwisho ni Dawa ya Nyanya, bomba mgongoni, kiatu kimoja.

"Umeshapimwa mara ngapi?" namuuliza.

"Sijapimwa hata siku moja, mzee."

"Basi sifuri. Asiyepimwa hana alama, na asiye na alama hapimwi."

"Sasa mimi nitapimwa lini?"

Nautazama mwongozo wa kazi. Mwongozo unakohoa, unaangalia pembeni.

"Haya, kama sipo, acha nirudi nyumbani," akasema, akaingia mtoni na kiatu chake.

Papo hapo ofisi ikawa jiko la Mama Nyangeta, mkulima wa ng'ambo ya mto. Huyu alinijia kweli mwezi uliopita, si ndotoni, na maji ya mto kwenye chupa ya soda. Bata wake walikuwa wamekufa wote. Nilimwambia dawa ya nyanya anayoishuku haimo kwenye orodha ya kupimwa, nikayamwaga maji yake kwenye sinki huku ananitazama. Hakunigombeza. Aliomba tu nimrudishie chupa. Najuta mpaka leo.

Ndotoni anawachotea wajukuu maji ya kunywa. Dawa ya Nyanya ameketi ndani ya kata, miguu inaning'inia nje.

"Mama, usiwape!"

"Kwani kuna nini, mwanangu? Si ulisema hamna kitu?"

Sikusema hivyo. Nilisema haimo kwenye orodha. Lakini kwake ilikuwa ni yale yale, na mjukuu mdogo ameshaipeleka kata mdomoni. Nikaipiga kofi, maji yakanimwagikia mkononi.

Nikaamka. Kumepambazuka. Mke wangu, Wegesa, ameshika mkono wa shati nililolalia, umelowa chapachapa, anaunusa.

"Baba Bhoke, umeanza lini kupiga dawa nyanya?"

Nilitazama saa. Ng'ambo ya mto, kwa Mama Nyangeta, chai ilikuwa imeshabandikwa.