Mpira wa Mwisho wa Kamishna Garrity

Tusifichane: Garrity alikuwa anaogopa. Miaka yote aliyokuwa kamishna wa besiboli, kila akikanyaga uwanjani watu walimzomea. Ndiyo mazoea yao, kamishna huzomewa hata akigawa kombe. Leo alikuwa anastaafu, na Milwaukee nzima ilikuwa inamsubiri afungue mechi kwa kurusha mpira wa heshima.

"Usijali, bosi," alisema Phil, msaidizi wake, huku anatafuna soseji. "Wakizomea, wewe punga mkono. Watadhani masikio yameshazeeka."

Phil hakujua kinachomtisha mzee hasa. Kilikuwa ni Stan Dudek, mdakaji ambaye Garrity alimfungia kwa kucheza kamari: asikanyage uwanja wowote mpaka afe. Kwa hilo magazeti yakamwita Garrity mtu aliyeusafisha mchezo. Usafi gani! Waliocheza kamari walikuwa wawili. Wa pili alikuwa nyota, matajiri wenye timu walimtaka, na matajiri hao ndio waliomwajiri Garrity. Akaufyata. Stan alipougua aliomba asamehewe, akaambiwa asubiri. Kamishna peke yake ndiye angeweza kumfungulia, na ukamishna wenyewe ulikuwa unaisha jioni hii.

"Nitampigia leo," Garrity alijiambia. "Nikishamaliza kurusha tu."

Mtangazaji akaita jina lake. Akatoka, na uwanja ukazomea mpaka masikio yakamuuma. Akapanda kichuguu cha kurushia, akainua macho, na moyo ukamlipuka paa!

Mdakaji alikuwa amechuchumaa mbele yake, barakoa ya chuma usoni. Sasa nani huvaa barakoa kudaka kimpira cha mzee? Watu hudaka kwa glavu tu, wanacheka. Huyu hakucheka. Alishusha goti la kushoto, akagonga glavu ardhini mara mbili.

Mungu wangu. Aliyekuwa akikaa hivyo ni mtu mmoja tu.

Amekuja kuniumbua, aliwaza Garrity. Atavua barakoa, amtaje yule wa pili mbele ya watu wote hawa. Akatamani kukimbia, lakini akimbilie wapi? Akarusha. Mpira ukaanguka njiani, ukadunda vumbini, na mdakaji akauzoa bila shida. Kisha akainuka, akaanza kumletea, kama wafanyavyo siku zote.

Garrity akarudi nyuma.

"Stan," alisema. "Stan, nisikilize. Leo hii hii nilikuwa..."

Barakoa ikavuliwa. Alikuwa mwanamke, mwenye macho yale yale ya Stan.

"Mimi ni Marlene, binti yake. Timu iliyoniajiri hapa inanijua kwa jina la mume wangu tu."

"Nilikuwa nimpigie baba yako leo, mama. Haki ya Mungu."

"Amefariki alfajiri. Simu ilikuwa kifuani."

Garrity akazidi kurudi nyuma.

"Mbona unarudi nyuma? Hakunituma nikuseme," alisema Marlene, akimwekea mpira mkononi. "Kabla hajafa alisema utarusha chini, kwa hiyo aje mtu anayejua kuokota. Na usihangaike tena kumfungulia. Ulisema mpaka afe."

"Sogeaneni hapo!" wapiga picha walipiga kelele. "Kamishna, tabasamu!"

Na Garrity, kwa mazoea, akatabasamu.