Matoazi ya Papa Gabriella

Ukiwa na mke kiongozi wa kwaya na meza moja tu nyumbani, usiijaze nyaya. Akilimali, fundi redio wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aliijaza hadi sahani zikahamia kitandani. Matoazi ya kwaya yalikuwa yamepasuka tangu Pasaka, naye akaapa kuunda mengine ya umeme: visanduku vinne vya bati vilivyounganishwa kwa nyaya za kila rangi.

Siri yenyewe ilikuwa ndogo. Aliiweka redio pale pasipo na stesheni, inapofoka "shhhh" tu. Kisanduku kimoja kilichuja mvumo wa chini, ukabaki ule mkali wa juu. Kingine kilikuwa mlango: ukibonyeza, sauti inatoka na kukatwa papo hapo, "chi!" Ukichelewa kuachia, "chiiii." Majirani walidhani kwaya imenunua matoazi mapya, na Akilimali alitembea wiki nzima kifua mbele.

Mkewe, Léoncie, hakutikisika.

"Papa Gabriella, siku ya Mungu tunaenda kuimba Area 18, kule mjini, mbele ya bantu. Hii manyuzi yako ikituaibisha, mi naitupia kuku."

"Haitatuaibisha, Mama Gabriella. Mi njo nasema."

Moyoni aliogopa. Miaka kumi alikuwa ametengeneza redio za watu. Hiki ndicho kitu cha kwanza alichokibuni mwenyewe.

Kanisani Area 18, kinanda kikaanza, Akilimali akabonyeza. Badala ya "chi" akatoka mtangazaji wa mpira, amekatwakatwa vipande kwa mdundo. Akageuza kitufe: tangazo la sabuni. Akageuza tena: mhubiri wa kanisa jingine, tena mwenye hasira. Kule Dzaleka nafasi ile ya redio ilikuwa tupu. Hapa mjini, karibu na minara, hapakuwa na upenyo usio na mtu anayeongea. Fundi redio mzima, na hakuliwaza hilo! Kweli mganga hajigangi.

Watu wakaangua kicheko. Akilimali akatamani ardhi immeze yeye na visanduku vyake. Léoncie akashika kipaza sauti kuwanyamazisha.

"Shhhhh!"

Shhh ile ikajaa kanisa zima. Akilimali akainua kichwa. Akachomoa waya wa redio kwenye visanduku, akachomeka wa kipaza sauti.

"Mama Gabriella, usiache! Endelea!"

"Niendelee nini?"

"Kunyamazisha bantu!"

Léoncie alimtazama vile mke anavyomtazama mume anayemjua, kisha akavuta pumzi. Akilimali akabonyeza, na kwenye spika ikatoka "chi-chi-chi-chiiii," safi kuliko ile ya redio. Kabibi wa sauti ya kwanza akaanzisha wimbo, na waliokuwa wanacheka wakainuka kucheza. Zilikuwa beti tano. Kiongozi wa kwaya hakuimba hata neno moja.

Jioni, walipofika nyumbani, Léoncie alizitoa sahani kitandani, akaikabili meza. Akilimali alingoja hukumu. Mkewe akazirudisha sahani kitandani, akavuta kiti mbele ya visanduku.

"Ile ya chiiii," aliuliza kwa sauti iliyokwaruza, "unabonyeza wapi?"

Akilimali akamwonyesha. Léoncie akajaribu mara mbili, ya tatu ikakaa sawa kwenye mdundo.

"Basi, siku ya Mungu ijayo mi njo nitabonyeza," alisema. "We utapumua shhh."