Kiti cha Safu ya Nne

Tiketi nilizikata mimi, kwa simu, nikiwa nimebanwa kwenye kochi la sebuleni kati ya bibi na babu. Kaka yangu alikuwa amepata mtoto, kitukuu wa kwanza wa ukoo wetu, huko mbali ambako basi huchukua siku mbili kufika. Mgongo wa bibi usingevumilia hata siku moja. Ilibidi ndege. Na kwa mfuko wetu, ilibidi ndege ya bei rahisi.

Bei ya kwanza ilituchekesha kwa furaha. Kisha simu ikaanza maswali. Una begi kubwa? Unataka kuchagua kiti? Unataka kupanda mapema? Utakunywa maji? Kila swali lilikuwa na bei yake pembeni, kwa maandishi madogo ya kijivu.

"Hawa ni madalali wenzangu," babu alisema kwa heshima. Amefanya udalali wa nyumba miaka arobaini. "Nyumba bei ya chini, mlango unalipiwa kando."

"Bandu bandu huisha gogo," nikamjibu, nikaanza kubonyeza. Hapana. Hapana. Hapana. Nilisikia raha kama mtoto anayepasua mapovu ya sabuni. Hata kwenye swali la kiti sikuwaza mara mbili. Kiti si kiti?

Siku ya safari ndipo nilipojua kwamba kiti si kiti. Bibi alipewa safu ya nne, dirishani. Mimi safu ya kumi na mbili. Babu safu ya kumi na saba, ya mwisho kabisa, mgongo kwenye ukuta wa choo.

Bibi hajawahi kupanda hata ngazi ya kubadilishia taa. Alikaa, akavuta kifuniko cha dirisha hadi chini, akafunga mkanda, kisha akaniita.

"Mke mwenzangu, mume wetu yuko wapi?"

"Yuko nyuma, bibi."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma... nyuma."

Akamwonyesha kwa kidevu mwanaume aliyekaa kando yake, mtu mpana mwenye shati lililonyooshwa vizuri na mikono yenye makovu madogo madogo. "Mlango ukifungwa na mzee hajakaa hapo, mimi nateremka. Kitukuu nitamwona siku akija kuoa."

"Mama, samahani," yule mwanaume akasema, "kiti hiki nimekiongezea pesa."

Mimi mdomo wangu ni mzito mbele ya wageni. Nilimnong'oneza mhudumu wa ndege, naye akaniambia tunaweza kubadilishana wenyewe, abiria kwa abiria, ila baada ya dakika kumi anafunga mlango. Nikaenda nyuma mbio kumwambia babu. Nilidhani atahuzunika. Macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyerudishwa kazini.

"Wewe kaa hapa kwangu," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nishahamia kwako. Nifuate ujifunze kazi."

Safu ya nane, dirishani, alikaa kijana mrefu ambaye magoti yake yalikaribia kugusa kidevu. Babu akamwinamia. "Mwanangu, nina nafasi safu ya kumi na mbili, kando ya njia. Mguu unaunyoosha mpaka unasahau ni wako. Ila uamue sasa, kuna mtu amekiulizia."

Hakuna mtu aliyekiulizia. Kijana alikwisha kunyakua begi lake.

Jirani wa kijana huyo alikuwa mwalimu, mwanamke wa makamo, ambaye tangu tupande alikuwa akizungumza kwa sauti na mwalimu mwenzake wa safu ya tano kuhusu mitihani ambayo hawajaisahihisha. Babu akamwendea yule wa mbele. "Mwalimu, siri za shule unazitangaza ndege nzima. Kuna kiti ubavuni kwa mwenzako. Nenda ukamnong'oneze."

Abiria wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akahama.

Hivyo babu akapata kiti cha dirishani, safu ya tano, nyuma ya bibi kabisa. Nilitaka kupiga makofi. Lakini badala ya kumwita yule mwanaume wa kando ya bibi, babu kwanza alishusha kifuniko cha dirisha, kisha akatundika koti lake juu yake.

"Unafanya nini?"

"Kasoro ya nyumba mteja haonyeshwi siku ya kwanza," akaninong'oneza. Miaka arobaini na sita na mwanamke anayeogopa ngazi ilikuwa imemfundisha kwamba dirisha la ndege ni kasoro.

Akamgusa yule mwanaume begani. "Ndugu yangu, kiti kama chako, hatua moja nyuma. Jirani mtulivu. Hewa ile ile."

"Sihami, mzee."

"Nakuongezea na koti la kujifunika."

"Nimesema nimelipia hapa."

Mhudumu alianza kufunga makabati ya juu. Bibi akafungua mkanda. Kliki.

Hapo ndipo nilipoona yule mwanaume hamtazami babu. Anatazama kifuniko cha dirisha la bibi, kama mtu aliyefika nyumba ya rafiki akakuta kufuli. Nikajikaza, nikainama.

"Kaka, samahani. Kiti hiki ulikilipia kwa ajili gani?"

Aliona haya. Alikuwa kama mimi. "Mimi ni fundi paa," akasema. "Soko jipya la hapa mjini, bati zote ni kazi yangu. Miezi saba nimetembea juu yake, na lote kwa pamoja sijawahi kuliona. Niliuliza, nikaambiwa ndege inalipita upande huu. Viti vya dirishani huku mbele bei ilinishinda, nikachukua cha jirani. Nikasema nitachungulia tu. Lakini mama amefunga."

Nilimtazama babu. Alinikonyeza ninyamaze. Nami nikakumbuka yale maandishi ya kijivu.

"Kaka," nikasema, "kiti cha babu kina kasoro moja anakuficha. Kina dirisha."

Babu alifumba macho kama dalali aliyeona ghorofa ikiporomoka. Alipoyafumbua fundi alikuwa ameshasimama, na koti liko sakafuni.

Babu akakaa. Bibi akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kliki. Mhudumu akafunga mlango.

Mimi nikarudi safu ya kumi na saba, kwenye kiti kisichoegemea, nikacheka peke yangu mpaka ndege ikaacha ardhi.

Tulipotulia angani, chupa ya maji ilianza kusafiri kutoka mbele, mkono kwa mkono: fundi, mwalimu, kisha kijana mrefu aliyeniletea mwenyewe akifurahia miguu yake. Maji ambayo bei yake ingenunua ndoo nzima.

"Babu yako anasema hayo ni malipo yako ya udalali," kijana akasema. " Na fundi ameliona paa. Lote. Bibi yako alimwuliza, macho kafumba, kama halivuji."

"Akasemaje?"

"Halivuji." Lakini hakuondoka. "Bibi anauliza pia, siku ya kurudi mtakaa wapi?"

Nikaiona ile jioni kwenye kochi, tiketi za kurudi, na kidole changu. Hapana. Hapana. Hapana.

"Mwambie," nikasema, "umenikuta nimelala."