Kofia ya Bwana Pruitt

Bwana Pruitt alikuwa na miezi minane tu Florida, lakini ukimsikiliza ungedhani bwawa la nyuma ya nyumba amelichimba yeye. Kila alasiri alishuka ukingoni na kaptura yake ya gofu, akatundika kofia kwenye kibao cha kukataza kulisha mamba, akagonga ndoo kwa kijiko na kumrushia mamba soseji.

Jirani yake, Earline Futch, mzaliwa wa matope yale, alimdharau mpaka soksi zake.

"Acha, jirani. Akishakuzoea, ameisha."

"Mwoga wewe! Duchess ni mpole. Jina lake analijua."

"Jina! Atalipeleka wapi, shule?"

Earline alimpenda yule mamba. Kwa miaka kumi na tisa alimwona akijitosa majini kila mlango wa nyumba ulipofunguka, na woga huo ndio uliomweka hai. Sasa mlango ukifunguka, anakuja.

Jumanne alikuja kweli, mpaka barazani kwa Pruitt, kufuata harufu ya nyama ya kuchoma. Bingwa wa mamba akapanda juu ya meza na kupiga simu kwa sauti ya kitoto. Mtegaji wa mamba aliyeitwa, Delmar, alipofika na fimbo yake ya ndoana, Duchess alikuwa ameshazama.

"Watamhamishia kwenye kinamasi kizuri," Pruitt alimwambia Earline.

"Nani kakudanganya? Mamba wa futi tisa hahamishwi!"

"Unatia chumvi, mama."

Saa nzima ikapita, maji kimya. Earline aliomba moyoni: kaa huko huko chini, bibi, usitoke. Delmar akaanza kukunja kamba. "Nitarudi Jumatatu," akasema. Kufikia Jumatatu, mfereji unaotoka bwawani ungeweza kumfikisha mbali.

"Ngoja nikusaidie!" Pruitt akadakia, na kabla Earline hajamfikia, akagonga ndoo.

Duchess akaibuka papo hapo, akaja moja kwa moja, mdomo wazi kwa soseji. Ndoana ikamnasa.

"Mnampeleka kinamasi gani?" Pruitt aliuliza, kijiko bado mkononi.

"Kwa mchuna ngozi, mzee."

Earline alikuwa akilia na hakujificha. Akaenda kwenye kibao, akaitoa kofia, akambandika nayo Pruitt kifuani.

"Soma. Na mstari wa chini pia, uliokuwa unaufunika."

Pruitt akasoma kwa sauti, kama mtoto darasani: "Usilishe mamba. Mamba aliyezoea watu huuawa."